Tawi pasipochipua: kupandikiza tawi jipya kwenye bonsai ya fikasi

Swali kutoka Kisumu: "Habari mwalimu. Nina fikasi, Ficus benjamina, niliyoilea kwenye chungu iwe bonsai, yaani mti mdogo wa mapambo, kwa miaka tisa hapa Milimani. Shina lina unene wa sentimita 5 na kimo cha mti ni sentimita 45. Upande wa kushoto, kutoka udongoni hadi sentimita 20, hakuna tawi hata moja. Mti unaonekana kama kichwa kilichonyolewa nusu. Mwaka jana niliukata juu nikitarajia pachipue. Ulichipua kila mahali ila pale. Jirani anayepandikiza miche ya maembe amesema atanipachikia kijiti. Rafiki yangu anasema nitoboe shina kwa drili, nipitishe tawi la mti huo huo. Nimsikilize nani? Nifanye mwezi gani? Na nikikosea, nitauua mti?"

Jibu

Dada, msikilize rafiki yako. Jirani naye kazi yake anaijua, lakini ni kazi nyingine. Yeye huukata mche kichwa, akaupasua, kisha akapachika kijiti ambacho tayari kimetengwa na mti wake. Kijiti hicho kinaishi kwa akiba yake tu mpaka kiungane, na kisipoungana upesi hukauka na kuacha kidonda. Kwenye mche wa embe wa mwaka mmoja hilo si neno, unachukua mche mwingine. Kwenye bonsai ya miaka tisa, kovu hilo litakaa mbele ya macho yako muda mrefu. Tawi linalopitishwa kwenye tundu, kwa upande mwingine, linaendelea kulishwa na sehemu lilipoota muda wote wa kungoja. Likikataa kushika unalivuta nje, unaziba tundu la milimita 4, na mti unaendelea na maisha yake. Huwezi kuua fikasi yenye afya kwa tundu la ukubwa huo.

Kukata juu hakukuwa kosa, ila benjamina ina tabia yake. Huchipua kwa wepesi palipo na majani na jua, lakini ni mchoyo kwenye gome kuukuu lililofunikwa na kivuli cha matawi ya juu. Tena tawi lake ukilikata likabaki bila jani hata moja, mara nyingi hukauka lote hadi shinani. Mugumo, fikasi ya kienyeji, hauko hivyo. Mugumo ukiukata ukabaki gogo tu, baada ya wiki chache umejaa macho mapya, yaani machipukizi machanga. Mwenye mugumo ningemwambia asitoboe bado: augeuze upande mtupu upate jua la asubuhi, apunguze matawi ya juu, angoje miezi mitatu. Wewe umengoja mwaka mzima kwa mti mchoyo. Inatosha.

Sasa elewa kinachoungana, maana usipokielewa hutajua unachokilinda. Chini ya gome, kabla ya kufika kwenye mti mgumu, kuna utando mwembamba, laini, unaoteleza. Huo ndio kambiamu. Ndio unaozaa gome kwa nje na mti kwa ndani, na ndio unaofanya kazi kubwa ya kuunganisha. Watengenezaji wa nguo ya magome huko Buganda huonyesha nguvu yake vizuri: huvua gome la mutuba, yaani Ficus natalensis, ndugu wa karibu wa fikasi yako, kisha hulifunga shina kwa majani ya mgomba lisikauke, na gome jipya linaota. Mti ule ule huvuliwa tena na tena. Kambiamu ya mitini, yaani miti ya jamii ya fikasi, ina uhai mwingi hivyo, mradi isipigwe na jua na upepo.

Na kinachoileta kambiamu ya tawi ikutane na ya shina si kamba wala gundi. Ni unene. Tawi likikua linanenepa ndani ya tundu, gome lake linabanwa na ukingo wa tundu, linapondeka, na hapo tando mbili zinakutana. Ukienda msitu wa Kakamega, tazama mitini iliyokumbatia miti mingine: mizizi yake inapopishana na kubanana hukua ikawa kitu kimoja, na hakuna aliyeifunga. Kwa sababu hiyo mti dhaifu haupandikizwi. Tawi lisiloongeza unene litakaa kwenye tundu mwaka mzima kama uzi kwenye sindano.

Kwa hiyo anza wiki sita hadi nane kabla ya siku ya kutoboa. Weka mti mahali penye jua angalau nusu siku. Acha kabisa kupogoa. Mbolea ya NPK 17:17:17 inayouzwa kwenye agroveti inatosha: nusu kijiko cha chai, kisichojaa, ukiitawanya mbali na shina kila baada ya wiki mbili, kisha umwagilie. Ukiona majani mapya yanatoka makubwa na pingili zinarefuka, mti uko tayari. Kama majani ya chini yanageuka manjano na kuanguka, au maji yanatuama juu ya chungu bila kupenya, hapo mizizi ndiyo yenye shida. Shughulikia mizizi mwaka huu, tawi mwaka ujao.

Wakati huo huo chagua tawi la kupitisha. Unalitaka liote upande wa kulia wa shina, au kwenye tawi la juu linaloweza kuinamishwa hadi upande wa kulia, kwa sababu litaingia kulia na kutokea kushoto. Liwe na urefu wa sentimita 40 au zaidi, unene wa milimita 3 hivi, rangi inayoanza kutoka kijani kwenda kahawia. Tawi la kijani kitupu hupondeka. Lililokomaa sana huvunjika unapolipinda. Siku kumi kabla ya kazi, anza kulizoeza mkunjo wake: lifunge kwa kamba laini au waya wa alumini likielekea mahali litakapoingilia, ulisogeze kidogo kila siku mbili. Mkunjo mkali unaolazimishwa siku ya kutoboa ndio unaovunja matawi mengi, kuliko hata drili.

Kuhusu mwezi: Kisumu fikasi hailali mwaka mzima, lakini kuna nyakati inakimbia na nyakati inatembea. Toboa mvua za masika zikishashika, kati ya mwisho wa Machi na Mei. Ukikosa, subiri Septemba au Oktoba. Januari na Februari joto ni kali na hewa ni kavu. Kazi inawezekana, lakini utalinda tawi lililovuliwa majani kama mtoto mchanga. Wenzako wa Nakuru, walio mita 1,850 hivi juu ya usawa wa bahari wakati Kisumu iko karibu 1,130, wana nafasi finyu zaidi, kwa sababu baridi ya Juni na Julai huupunguzia mti mwendo. Wao watoboe Machi ili tawi lianze kubanwa kabla ya baridi. Kakamega kuna mvua ya kutosha na ya kubaki. Huko hatari ni kuoza, basi mti ukae chini ya kibaraza wiki mbili za kwanza.

Vifaa ni vichache. Drili ndogo, au keekee ya mkono ambayo kwa kweli naipendelea kwa shina la sentimita 5 kwa sababu haichomi. Biti mbili, ya milimita 2 na ya milimita 4, ziwe mpya au zimenolewa. Biti butu huchana gome na joto lake hubabua kambiamu pale pale unapoihitaji. Wembe mpya. Spiriti ya kusafishia. Utepe mwembamba wa kupandikizia. Kijiti cha mshikaki. Chupa ya kunyunyizia maji. Glavu, kwa sababu utomvu mweupe wa fikasi huwasha ngozi, na ukiingia jichoni ni taabu. Dawa ya kuzibia vidonda vya miti ikikosekana, yeyusha nta ya nyuki sehemu tatu na mafuta ya kupikia sehemu moja kwenye kopo lililowekwa ndani ya maji moto; ikipoa inakuwa laini ya kukandwa kwa vidole. Ipake ikiwa vuguvugu, kamwe isiwe ya moto.

Siku moja kabla ya kutoboa, kata majani yote ya tawi ulilochagua ukiacha nusu ya kikonyo cha kila jani. Vipande hivyo vitaanguka vyenyewe na jicho lililo kwapani mwa kila kimoja litabaki salama. Ncha usiiguse. Fikasi hufunika ncha yake kwa ala nyembamba iliyochongoka kama mkuki. Ikivunjika, tawi halifi, ila unapoteza wiki kadhaa ukingoja jicho la pembeni lichukue nafasi yake. Kazi hii ifanywe siku moja kabla ili utomvu uwe umekauka kwenye vidonda wakati wa kupitisha.

Siku yenyewe, weka alama mbili kwa chaki. Ya kushoto, tawi litakapotokea, ndiyo yenye uzito: kwa mti wa sentimita 45, tawi la kwanza likae karibu theluthi ya kimo, yaani sentimita 14 hadi 16 kutoka udongoni. Ya kulia, tawi litakapoingilia, iwe juu au chini kidogo kufuatana na tawi linavyotoka, lakini isiwe moja kwa moja chini ya tawi kubwa jingine, maana utakuwa unakata njia inayolilisha tawi hilo. Kumbuka pia kwamba mwelekeo wa tundu ndio mwelekeo wa tawi la kesho. Tundu likilala sawa, tawi litatoka sawa. Likiinuka sana, utapigana nalo kwa waya miaka mingi.

Anza kutoboa kushoto. Biti ikiingia gome linakatika safi. Ikitoka upande wa pili hulichana, na uchafu huo ni afadhali uwe upande wa kuingilia, ambao hatimaye utazibwa. Mtu mwingine ashike kipande cha mbao kimebanwa upande wa kulia, biti itokee ndani ya mbao na si hewani. Pitisha biti ya milimita 2 kwanza, polepole, ukiitoa kila sentimita kuondoa unga. Kisha ya milimita 4. Utomvu utatiririka, nyunyizia maji tundu lote, ngoja dakika kumi, pangusa kwa kitambaa safi chenye unyevu, halafu ingiza biti kwa mkono tu na uizungushe ili utoe utomvu ulioganda ndani. Kingo za upande wa kushoto zikiwa na nyuzi, zilainishe kwa wembe. Pitisha kijiti cha mshikaki uone kama njia iko wazi.

Sasa tawi. Macho yake yanatazama mbele, na unapolisukuma likitanguliza ncha, ukingo wa tundu unayasukuma nyuma na kuyang'oa. Kwa hiyo lizungushie utepe kwa wepesi kutoka nchani kurudi nyuma, macho yalale. Lowesha tundu kwa maji. Sukuma kwa mkono mmoja kulia, ongoza kwa mwingine kushoto, bila kuvuta ncha. Likikwama, usilazimishe, toa, angalia ni kitu gani kimeshika, rudia. Likishapita, fungua utepe kwa uangalifu.

Usiache tawi lisimame popote linapofikia. Vuta hadi jicho moja liwe nje ya tundu, ndani ya sentimita moja kutoka kwenye gome. Hapo ndipo tawi lako litagawanyika mara ya kwanza siku za usoni. Jicho la kwanza likiwa sentimita 5 mbali, utapata tawi refu lililo uchi mwanzoni, na utakuwa umehamisha tatizo lako kutoka shinani kwenda tawini.

Kaza kwa kijiti cha kuchokolea meno upande wa kulia, kikatwe sawasawa na gome. Kabari hiyo inalizuia tawi kuteleza na kulisukuma liguse ukingo mmoja wa tundu. Wengine hukwaruza gome la tawi mahali linapotokea ili kambiamu ikutane mapema. Kwa mutamaiyo, yaani mzeituni mwitu, na miti mingine inayonenepa polepole nakubaliana nao. Kwa fikasi naona ni kidonda cha ziada kisichohitajika, mbano utafanya kazi hiyo wenyewe. Paka nta pande zote mbili kuzunguka tawi, tundu lisionekane. Mwisho, funga tawi kwenye kijiti kilichochomekwa kwenye udongo wa chungu ili lisitikisike. Upepo unaotoka ziwani mchana Kisumu si mkali, lakini huja kila siku, na mtikiso mdogo wa kila siku unachana nyuzi za kwanza za muungano kabla hazijashikana.

Wiki ya kwanza hadi siku ya kumi, mti ukae kwenye kivuli chepesi, usiguswe na jua la saa sita. Mwagilia udongo kama kawaida, si juu ya nta. Baada ya wiki mbili au tatu macho yatafunguka na majani mapya kutoka upande wa kushoto. Hapo rudisha mti juani, na majani yakishakomaa rudisha mbolea.

Kuanzia sasa, hatua ngumu kuliko zote: liache tawi likue ovyo. Lirefuke nusu mita likitaka. Liharibu sura ya mti. Kila jani lililo upande wa kushoto linaongeza unene ndani ya tundu, na unene ndio unaounganisha. Ukipogoa, pogoa matawi ya juu, yanayolinyima jua na nguvu. Anayelikata kila wiki liwe nadhifu analiambia lisinenepe.

Utajuaje limeshika? Linganisha unene wa tawi linapoingia kulia na linapotoka kushoto. Mwanzoni uko sawa. Tawi likianza kula kutoka kwenye shina pale lilipopitishwa, upande wa kutokea unanenepa kuliko wa kuingilia, na gome la shina linajikunja kulizunguka kama ukosi wa shati. Kwa Kisumu, fikasi yenye nguvu hufika hapo kwa kawaida katika miezi mitatu hadi mitano. Nakuru ongeza miwili au mitatu. Usihesabu miezi pekee. Kama tofauti ya unene huioni bila kuitafuta, bado.

Hata ukiiona, usikate mara moja. Upande wa kulia, milimita chache kabla tawi halijaingia shinani, lichanje hadi nusu ya unene wake. Ngoja wiki tatu. Majani ya kushoto yakibaki wima na mapya yakaendelea kutoka, kata lote. Yakinywea, paka nta kwenye mchanjo, ongeza miezi miwili, jaribu tena. Ukishakata, chonga kibaki cha kulia kizame kidogo chini ya usawa wa gome ili kovu lijifunge likiwa tambarare, na uzibe. Kisha usibadilishe chungu, usipunguze mizizi, usifunge waya kwenye tawi hilo kwa miezi mitatu mingine. Muungano mpya hubeba maji vizuri kabla haujawa na nguvu ya kubeba mkunjo.

Inawezekana huna tawi lolote linaloweza kufika. Hapo kuna njia ya pili, ya kulaza tawi kwenye mfereji, ambayo kwa jamii ya mitini inashika haraka kuliko tundu lakini huacha alama inayoonekana kwa muda. Chukua kipande cha mti wako mwenyewe, kiwe cha sentimita 20, ukioteshe mizizi kwenye chungu kidogo. Fikasi huotesha mizizi katika wiki nne hadi sita ukiifunika kwa chupa ya plastiki iliyokatwa kitako. (Tangu marufuku ya mifuko ya plastiki ya Agosti 2017, chupa imekuwa mbadala mzuri, na kwa kweli ni bora: unafungua kifuniko tu kupunguza joto.) Mche huo ukishafikia unene wa milimita 4 hadi 5, sogeza chungu chake kando ya mti mkubwa. Tumia kipande cha mti huo huo, kisiwe cha fikasi ya jirani. Fikasi mbili tofauti zinaweza kuungana vizuri, lakini ukubwa wa majani na rangi ya gome vitatofautiana daima, na jicho litakwenda pale pale unapotaka pasahaulike.

Kwenye shina, chora kwa wembe mistari miwili ya sentimita 4, ikiachana kwa unene wa mche kamili, kisha ondoa gome na sehemu kidogo ya mti mgumu wa ndani kati yake upate mfereji ambao mche unalala ndani ukiwa umezama nusu au zaidi. Mfereji ukiwa mpana, kambiamu ya pande mbili haitakutana, na hiyo ndiyo sababu ya kwanza ya njia hii kushindwa. Pangusa utomvu. Kwaruza mche pembeni kote kuwili na chini, uache ukanda wa gome upande wa nje tu. Ulaze, ubane kwa kuzungushia ukanda wa mpira wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ukivutwa kwa nguvu ya wastani. Mpira unapita kamba kwa sababu unabana bila kukoma na unatanuka mti unapokua. Pasipowezekana kuzungusha, tumia misumari midogo miwili, ukiweka kipande cha mpira kati ya kichwa cha msumari na gome. Ziba kingo zote. Mche ubaki kwenye chungu chake ukimwagiliwa kila siku. Wengi humwagilia mti mkubwa na kusahau chungu kidogo, kinakauka mapema kwa sababu hakina udongo wa kutosha. Kukata ni kwa ishara zile zile, nusu kwanza.

Kuna mambo ambayo yataharibu kazi hata kama mkono wako ni mzuri. Tundu kubwa kupita kiasi ni la kwanza: tawi la milimita 3 kwenye tundu la milimita 6 litahitaji kunenepa maradufu kabla ya kugusa chochote, na wakati huo maji yanaingia na kuozesha ndani. Ikitokea, tia kabari nyembamba za mbao upande wa kutokea ili tawi liguse angalau ukingo mmoja, ziba vizuri, ongeza muda. Utepe au waya uliosahauliwa ni la pili. Fikasi hunenepa upesi na huumeza waya, kwa hiyo kagua kila wiki tatu. La tatu ni wadudu weupe kama unga, vidung'ata, wanaojificha chini ya utepe na kwenye kona za nta. Ukiona sisimizi wanapanda shina kwa msafara, wanafuata utamu wa wadudu hao. Fungua, pangusa kwa pamba yenye spiriti, funga upya. Na tawi likigeuka jeusi linapoingia tunduni, halitarudi. Litoe siku hiyo hiyo, safisha tundu kwa biti, jaza nta hadi usawa wa gome, na msimu ujao toboa sentimita 3 kando.

Kwa kuwa wanaosoma hawana fikasi peke yake: bogenvilia usiihangaikie kwa drili. Matawi yake huvunjika kwa urahisi na miba inakwama tunduni, ilhali ukiikata kwa nguvu huchipua hadi kwenye gogo. Upandikizaji kwenye bogenvilia una maana unapotaka rangi mbili kwenye shina moja, na hapo kijiti cha jirani yako, kilichofunikwa kwa chupa kitunzwe unyevu, ndicho chenye kazi. Mutamaiyo hukubali tundu vizuri lakini kwa utaratibu wake. Mpe mwaka na nusu au miwili. Mtarakwa, huo wa nyanda za juu, hauchipui kabisa kwenye mti mtupu usio na kijani, kwa hiyo kwake kupandikiza ndiyo njia pekee, na mfereji unafaa kuliko tundu kwa sababu majani yake hayawezi kuvuliwa yote bila kuliua tawi.

Na kwa mti wako, dada, kama sentimita 20 zote ziko wazi utatamani matawi mawili kushoto, si moja. Anza na la chini. Fikasi hupeleka nguvu zake juu, na tawi la chini likianza nyuma ya la juu halitalifikia. Subiri hilo la kwanza likatwe kulia na lipite msimu mmoja likijilisha lenyewe, ndipo utoboe la pili, sentimita 5 au 6 juu yake, likielekea mbele au nyuma kidogo ili matundu mawili yasikae kwenye mstari mmoja wa shina.